Taireni Isiyojibiwa

Mwezi uliopita nilirudi Junju kwa harusi ya mdogo wangu. Turubai lilikuwa limefungwa baina ya minazi, viti vya plastiki vimepangwa, sufuria za pilau zinafuka mvuke nyuma ya nyumba, na mshereheshaji, kijana mwenye suti ya samawati, alikuwa akihangaika na kipaza sauti. Alikipuliza, akakigonga kwa kidole, akasema moja mbili, moja mbili. Kisha akainua mkono na kuita kwa nguvu zake zote: "Taireni!"

Hakuna aliyejibu.

Hakukuwa na ubaya wowote, rafiki yangu. Watu walikuwa wakipigana picha kwa simu, wengine wanatafuta viti vya kivulini, watoto wanagombania soda. Lakini mimi nilikuwa nimesimama ukingoni mwa turubai na sahani ya pilau mkononi. Ghafla sikuwa tena mwanamke mzima aliyevaa viatu virefu. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, miguu peku, nasubiri mtu ajibu.

Ukiwa mwenyeji wa Kilifi huna haja ya kuelezwa, lakini huenda unasoma haya ukiwa mbali, kwa hivyo nivumilie kidogo. Kwetu sisi Wamijikenda, kabla wazee hawajafungua mazungumzo ya posa, kabla mganga hajamgusa mgonjwa, kabla ya baraka na kabla ya laana, mtu mmoja huita "Taireni!" na wote waliopo huitikia kwa pamoja "Za Mulungu!" Mulungu ni Mungu, hapo hapana fumbo. Fumbo liko kwenye lile neno la kwanza. Siku hizi hata wanasiasa huliita majukwaani ili umati uchangamke. Utotoni mwetu lilikuwa neno la uganga, na tuliliogopa kuliko nyoka.

Mama alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Malindi, na tulipanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo, mjini humo. Shule zikifungwa hakuwa na mtu wa kutuangalia, basi alitupeleka Junju kwa bibi, mimi na mdogo wangu, tukakaa huko mpaka zifunguliwe. Bibi tulimwita hawe, kama Wagiriama wanavyomwita bibi.

Nikifumba macho, harufu ya nyumba ile hunijia kabla ya sura yake: moshi wa makumbi ya nazi, korosho zilizobabuka juu ya bati, na udongo uliomwagiwa maji ili vumbi litulie. Asubuhi tulifagia uwanja kwa chelewa, tukienda kinyumenyume ili tusiache nyayo. Tulichuma mtsunga pembezoni mwa mahindi, mboga chungu ajabu, na mdogo wangu alipoisukuma kando ya sahani hawe alimwambia, "Kunja uso unavyotaka, lakini meza." Mchana tulikuna nazi, tukikalia mbuzi kwa zamu. Na siku nzima, kutoka kwenye matimbo ya mawe, ilisikika milio ya wakata mawe, ko, ko, ko, na unga mweupe wa mawe ukatanda juu ya majani ya mikorosho hata ukadhani imezeeka.

Ng'ambo ya ua wa minyaa aliishi jirani. Alikuwa mwanamke wa umri wa hawe, mwembamba, mwenye mikono mirefu, asiye na mume wala mtoto. Alikuwa mganga wa pepo. Yeye na hawe walikuwa marafiki wa namna ambayo mgeni angedhani ni maadui.

"Wewe hujafa tu?" jirani angeuliza akipita na ndoo yake ya maji.

"Nife, halafu nikuachie nani umsengenye?" hawe angejibu bila kuinua uso. "Pita, pita, unaniharibia kivuli."

Jirani angeweka ndoo chini na kukaa mpaka maji yapate moto juani. Kila baada ya majuma kadhaa walijifungia chumbani, wakapakana rangi nyeusi ya nywele, ile ya unga iliyouzwa dukani kwenye pakiti ndogo. Walitoka na vichwa vyeusi ti, madoa shingoni na masikioni, na sisi tulicheka mpaka tukagaragara.

"Hawe anataka kuolewa!" mdogo wangu alipiga kelele.

Hawe alicheka naye. Jirani hakucheka. Alijifunga leso kichwani, akaenda zake.

Lakini jirani huyu aliyekuwa akitaniwa kila asubuhi aligeuka mtu mwingine kayamba lilipoanza. Kayamba ni kama mkeka mdogo wa mafunjo, mna mbegu ndani. Likitikiswa polepole hutoa sauti ya mvua ikianza juu ya makuti. Alasiri watu walileta wagonjwa wao, wanawake waliobebwa mgongoni, vijana waliokuwa wakisema peke yao, nasi tulijibanza nyuma ya minyaa tukiogopa hata kupumua. Mvua ile ya kayamba ilianza, ikazidi, ikawa mafuriko, kisha ikakatika ghafla. Katika kimya hicho tulimsikia jirani akiita kwa sauti isiyokuwa yake, nzito, ikitoka chini ya ardhi: "Taireni!"

"Za Mulungu!" watu walijibu.

Nilidhani neno lile lilikuwa mlango. Ukilitamka unafungua, na walio upande wa pili wanakuangalia.

Jioni moja, tukipukuchua mahindi, nilimwuliza hawe maana yake.

"Lile si neno la kuchezewa na mtoto," alisema.

"Kwa nini, hawe?"

"Kwa sababu haliitwi peke yake. Ukiita, na mtu akakuitikia, sawa, limefungwa. Ukiita na asikuitikie mtu, utajua ni nani aliyelisikia?"

Kisha akaendelea na mahindi yake, kama aliyenieleza bei ya chumvi. Mimi sikula vizuri jioni ile. Kuanzia hapo, jirani alipoita neno lake, nilijikuta nikiwa nyuma ya minyaa nikinong'ona "Za Mulungu" pamoja na watu wake, endapo wangesahau. Nililinda mlango ule kama askari.

Mdogo wangu hakuwa na hofu ya kitu. Alikuwa hajaanza hata shule, mwenye meno ya mbele yaliyong'oka na sauti ya kuwatimua kunguru. Adhuhuri moja tulikwenda na watoto wa mjomba kwenye timbo la zamani, shimo lililokatwa mawe mpaka likachoka, likaachwa. Kuta zake zilisimama wima, na chini kulikuwa na maji ya kijani na matete. Ukipiga kelele hapo ukingoni, shimo linakurudishia sauti yako. Kila mmoja aliita jina lake, tukacheka. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, akajaza kifua.

"Taireeeni!"

Reni, reni, reni, shimo likasema. Kisha likanyamaza. Vyura wakanyamaza. Hata ile ko, ko, ko ya wakata mawe haikusikika. Leo najua walikuwa wamekwenda kula, ilikuwa saa yao. Lakini siku hiyo kimya kilikuja juu kutoka kwenye yale matete kama maji yanayojaa, na mimi nikasahau kuitikia. Mtoto mmoja wa mjomba aligeuka akakimbia, na sisi wote tukamfuata. Mdogo wangu alikuja wa mwisho, akicheka, akidhani ni mashindano.

Magharibi ya siku ile alikataa chakula. Aliegemea ukuta na macho yake yaling'aa kupita kiasi.

"Nasikia baridi," alisema, na sote tulikuwa tukitokwa na jasho.

Hawe alimgusa shingo, akamfunika leso, akaongeza nyingine. Nililala kando yake nikihesabu pumzi zake, na kila alipochelewa kuvuta nyingine moyo wangu ulisimama pamoja naye. Nilijua kilichompata. Nilijua pia kwamba nikisema, kitakuwa kweli. Kwa hivyo nilifunga mdomo. Watoto wa mjomba hawakufunga wa kwao.

Kufikia asubuhi mdogo wangu alikuwa akiweweseka. Alisema ng'ombe anaruka juu ya nyumba. Alimwita mama. Kisha akasema waziwazi, "Yule bibi wa kayamba ananiita. Mwambieni asiniite."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa kitinda mimba wa hawe, mkata mawe, mtu mpole aliyetuletea miwa kila Ijumaa. Hawe alikuwa amemtuma akatafute pikipiki ya kumpeleka mtoto hospitali ya Kilifi. Aliposikia maneno yale alimtazama mtoto, akatazama ua wa minyaa, akatoka bila kuaga.

Nilikuja kujua baadaye alikokwenda. Alikwenda kwa mpwa wa jirani, kijana aliyekuwa na pikipiki. Shamba la jirani lilikuwa refu na jembamba, na kichwa chake kiligusa barabara. Mpwa yule alikuwa ameliulizia zaidi ya mara moja, na shangazi yake alimjibu kwamba yeye bado hajafa. Na huku kwetu, mzee mwenye shamba na mvi hakawii kuitwa mchawi. Mambo haya mtoto hayaoni. Mtoto huona pikipiki tu.

Wakati tukisubiri, jirani alikuja na chungu cha majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Aliinama kwenye mkeka, mikono yake mirefu ikamgusa mdogo wangu kifuani. Nilitaka kupiga yowe.

"Homa hii haitaki majani," hawe alisema. "Inataka sindano."

"Nani amekataa sindano? Tunampoza tu, aweze kubebwa."

"Basi mpoze. Na huyo mwanangu sijui amekwenda kununua pikipiki au kuitengeneza."

Pikipiki ikasikika. Ikaingia katika uwanja tulioufagia asubuhi, ikaacha alama ndefu. Mpwa alikuwa juu yake. Nyuma yake walikuja vijana kwa miguu, wengine nikiwajua kwa sura, wenye fimbo na mapanga, na mmoja alikuwa amebeba dumu. Mjomba alikuwa wa mwisho, akitazama chini.

"Shikamoo, shangazi," mpwa alisema.

Alimwamkia kwa heshima, rafiki yangu, na heshima ile ndiyo iliyonitisha kuliko mapanga.

"Marahaba, mwanangu."

"Weka hicho chungu chini."

"Ni mwarobaini."

"Tunajua ni nini. Mtoto amekutaja."

Hawe aliinuka na mdogo wangu kifuani. "Mtoto ana homa! Saa hizi hizi amemtaja ng'ombe anaruka. Mtamchoma na ng'ombe?"

Kijana mmoja alicheka, kisha akakumbuka alichokuja kufanya.

"Mama, nyamaza tu," mjomba alisema. "Tafadhali. Ingia ndani."

"Kumbe ni wewe uliyewaleta? Wewe? Uliyetolewa tumboni mwangu na mikono ya huyuhuyu?"

Mwenye dumu alifungua kifuniko, na harufu ya petroli ikatawanyika, ikafunika harufu ya mwarobaini. Nilikuwa nimekaa chini, mgongo ukutani. Nilielewa neno moja tu katika yote yaliyosemwa: kuchoma.

Jirani aliweka chungu chini. Maji yalimmwagikia miguuni. Alipojiinua, leso ilimteleza kichwani, na kila mtu akaona nywele zake: nyeusi ti juu, na kwenye mizizi, mstari mweupe kama unga wa mawe. Hakuna aliyecheka. Alisimama pale mbele yao, mwembamba, kichwa wazi, akasema kwa sauti ndogo, sauti yake mwenyewe ya kila siku:

"Taireni."

Hapa inabidi nikueleze jambo, la sivyo hutaelewa kimya kilichofuata. Aliyeitikia taireni amekubali. Amekubali kutulia na kusikiliza mpaka maneno yaishe, na hawezi kuinua mkono katikati. Vijana wale walikuwa wamelelewa kwenye vikao, wakikalia mapaja ya babu zao. Walilijua hilo kama walivyojua kutembea. Kwa hivyo walifunga midomo. Niliwaona wakiifunga. Mmoja alikaza taya mpaka mshipa ukamtoka shingoni.

"Taireni," jirani aliita tena.

Kimya. Nilimtazama hawe. Hawe ambaye hakuwahi kukosa neno maishani mwake alifungua mdomo, na sauti haikutoka.

Nikasikia kimya kile, nikakitambua. Kilikuwa kimetoka kule timboni, kwenye matete. Kilikuwa kimemfuata mdogo wangu mpaka nyumbani, na sasa kinajaa uwanjani, kinapanda, na neno lilikuwa limeitwa mara mbili na mlango uko wazi na hakuna anayeufunga. Nataka uniamini ninaposema sikufikiria mapanga. Sikufikiria kumwokoa mtu. Niliogopa kitu kingine kabisa, kitu ambacho hakikuwapo, na hofu ile ndiyo iliyonisukuma.

"Za Mulungu!"

Ilitoka nyembamba, kama kifaranga aliyekanyagwa. Vichwa vyote viligeuka. Jirani naye alinitazama, na sitasahau macho yake, maana nilikuwa nimeyaogopa miaka yote nikidhani hayaogopi kitu. Yalikuwa macho ya mtu anayezama aliyeshikwa kidole kimoja.

Akavuta pumzi. Safari hii sauti ikatoka chini ya ardhi.

"Taireni!"

"Za Mulungu!" hawe alijibu, machozi yakimtiririka. Na nyuma kabisa, kijana mmoja aliitikia kabla hajajizuia. Ulimi wake ulimtoroka. Alijifunika mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka. Mwenzake akafuata. Mjomba akafuata, kwa sauti ya kulia. Kijana wa dumu alilitua, akafunga kifuniko, akachuchumaa. Mmoja mmoja wakachuchumaa kama watu wa kikaoni, fimbo magotini. Mpwa peke yake alibaki juu ya pikipiki yake, na ilionekana hajui aweke wapi mikono.

"Sina maneno mengi," jirani alisema. "Mtoto anaungua. Hapa hakuna chombo cha kwenda hospitali ila hicho ulichokikalia, mwanangu. Mbebe. Mimi sina miguu ya kukimbia. Ukirudi na neno bado unalo, utanikuta."

Kisha mjomba alimchukua mdogo wangu kutoka kwa hawe, akapanda nyuma, akamfunga kifuani kwa leso. "Washa," alimwambia mpwa. "Washa, bwana!"

Pikipiki ikaondoka, na vijana wengine wakatawanyika bila kuagana. Mwenye dumu alilisahau. Hawe alilificha uvunguni mwa kitanda, na kwa miezi mingi chumba chake kilinuka petroli.

Ilikuwa malaria. Daktari alimwambia mjomba kwamba wangechelewa mpaka jioni wangekuwa na habari nyingine. Mdogo wangu alitundikiwa maji, akashonewa gauni jipya na mama, akarudi akidai mkate wa hospitali ni mtamu kuliko wa kwetu. Mpwa hakurudi na neno lolote. Mjomba alikuja na miwa, akaiweka mlangoni pa jirani, akaondoka kabla hajafunguliwa.

Lakini jirani hakulala tena kwake likizo ile. Alihamia chumbani kwa hawe, na mchana tulikaa watatu uwanjani na mahindi yetu. Pikipiki yoyote ikipita barabarani, mikono yake ilisimama. Nami nilisimama naye, mahindi kiganjani, mpaka mlio upotee. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kumwuliza.

"Bibi, lile neno linaita nini?"

"Linaita watu," alisema. "Wewe ulidhani linaita nini?"

Niliinamia mahindi yangu. Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na akanieleza taratibu, kama anavyofundishwa mtoto kufunga kamba. Watu wakikutana, alisema, kila mmoja amekuja na lake. Huyu ana hasira, huyu ana njaa, yule ameibiwa mbuzi, mgonjwa anaogopa kufa. Ukianza kusema wakiwa hivyo, husemi na watu, unasema na hasira na njaa. Basi unaita taireni. Ni kama kusema tulieni, poeni, yawe mema. Nao wakijibu za Mulungu wanasema mambo haya ni ya Mungu, si yako wala si yangu. Hapo hakuna aliyebaki mkubwa kuliko mwenzake, na mnaweza kuanza.

"Na pepo?"

"Pepo nao nawaambia hivyohivyo. Watulie. Unadhani pepo hawana hasira?"

Toka hapo nimewauliza wazee wengi, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikishika kitu sikiachi. Mmoja aliniambia ni neno la baraka tupu. Mwingine aliniambia halina maana nyingine ila kuomba kimya. Wa tatu aliniambia lilitoka Singwaya pamoja na wazee wetu, huko kaskazini tunakosema tulianzia, likapita kwenye makaya, vijiji vyetu vya kale msituni, likafika kwetu likiwa zee kiasi kwamba maana yake ya kwanza imekwisha kama makali ya jembe. Huenda wote wamesema kweli. Mimi nashika ile niliyopewa juu ya mahindi, kwa kuwa niliiona ikifanya kazi.

Nilimwuliza jirani jambo moja zaidi: je, yeye huliogopa? Alipukuchua hindi zima kabla ya kujibu.

"Siku ile mlivyonyamaza," alisema. Akachukua hindi jingine.

Kabla mama hajaja kutuchukua, nilimkuta hawe akikoroga rangi ya nywele kwenye kifuu. Jirani alikuwa ameketi mbele yake, shingo ameinamisha. Sikucheka. Nilimwuliza hawe kwa nini hawataki kuonekana wazee, na hawe, huku akipaka ule mstari mweupe kwa uangalifu mkubwa, alinijibu, "Huku kwetu siku hizi mvi zinaua watu, mwanangu. Nishikie hiki kifuu."

Nikakishika. Vidole vyangu vilikaa vyeusi mpaka shule zilipofunguliwa, na mwalimu akanituma nikanawe mara mbili.

Jirani alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, kwa uzee, jambo ambalo hawe alilihesabu kuwa ushindi. Alizikwa na nywele nyeusi. Hawe alikuwa amempaka asubuhi ya siku ile, na hakumruhusu mtu yeyote kuziosha. Sasa hawe naye ametangulia. Siku ya harusi, kabla wageni hawajajaa, nilitembea mpaka kwenye minyaa na sikuiona. Pana ukuta wa mawe na geti la chuma lililopakwa rangi ya kijani, na ndani mbwa anabweka. Timbo la zamani limefukiwa, juu yake pana maduka. Wakata mawe siku hizi wana mashine, na ile ko, ko, ko imekwisha. Nimeuliza kayamba lile lilikwenda wapi. Hakuna ajuaye. Dawa ya nywele bado inauzwa dukani, pakiti ileile ndogo, na niliwaona bibi wawili wakiinunua.

Basi niliposimama pale na sahani yangu, na mshereheshaji akaweka kipaza sauti mdomoni na kuita tena "Taireni!" na watu bado wako kwenye simu zao, nilijua siogopi tena kitu kilicho upande wa pili wa mlango. Niliogopa kimya chenyewe. Niliwatazama wageni wale wazuri, waliopendeza, nikaona midomo yao imefungwa, na petroli ikanijia puani mahali ambapo palinuka pilau.

Nikafungua mdomo. Lakini kabla sijatoa sauti, bibi harusi, aliyekuwa ameketi kwa adabu mbele ya watu wote na shela usoni, alilifunua shela lile kwa mikono miwili.

"Za Muluuungu!"

Ilikuwa sauti ileile ya timboni. Kunguru waliruka kwenye minazi. Watu walishtuka, kisha wakaangua kicheko, na mke wa mjomba akapiga makofi. "Haya, tazameni bibi harusi wa siku hizi! Anaita kama anauza samaki!" Mshereheshaji, naye akicheka, akaita mara ya tatu, na safari hii uwanja mzima ukamjibu, na mjomba, aliyezeeka sasa, akajibu akiwa amefumba macho.

Mdogo wangu hakumbuki chochote cha likizo ile. Anakumbuka mkate wa hospitali tu. Nilipomfikia kumpa mkono wa heri, nilimwinamia sikioni nikamwuliza ni nini kilichompata hata akapiga kelele vile mbele ya wakwe.

Alinitazama kana kwamba ni mimi niliyepotea.

"Mtu ameita, dada," alisema. "Si ajibiwe?"